Ng'ombe wa Ukutani

Tarehe 3 Oktoba

Padri Lucien aliniita baada ya somo la Kifaransa. "Claire, weye unasoma kuliko wote. Utaniandikia maneno."

Maneno yenyewe ni ya filamu. Ni katuni ya zamani sana, nyeusi na nyeupe, iliyoachwa parokiani na wamisionari, na sasa mtu ameihamishia kwenye flashi. Haifiki dakika kumi. Sauti yake ni muziki unaokwaruza na mwanamume anayesema lugha ambayo hata Padri haijui. Kwa hiyo itaonyeshwa bila sauti siku ya sikukuu ya watoto, kabla ya Noeli, na mtu atasimama kando ya ukuta na mikro, yaani kipaza sauti, kuisemea kwa Kiswahili, kama wanavyofanya kwenye vibanda vya video mjini.

Hadithi ni hii: ng'ombe anavuta mkokoteni kwenye sarakasi. Mtu wa kutembea juu ya kamba anaumwa, na watazamaji wamekwisha kukaa. Ng'ombe anapanda ngazi mwenyewe. Anatembea polepole, kwato moja mbele ya nyingine, na kamba inalegea mpaka karibu iguse vichwa vya watu. Katikati, kipepeo anatua kwenye pembe yake. Ng'ombe anaanguka ndani ya beseni kubwa la kuogeshea tembo. Anatoa kichwa majini, anainama, watu wanapiga makofi. Imekwisha.

Padri aliniachia nikaitazama ofisini mwake, nikairudia, nikairudia tena. Sijamwambia mtu, lakini sitaki kuandika tu. Nataka kuishika mikro. Mimi ambaye wakiita majina darasani, "présent" yangu inaishia kwenye meza. Lakini ng'ombe yule naye alikuwa wa kuvuta mkokoteni.

Tarehe 5 Oktoba

Mvua kutwa. Nimeandika ukurasa mmoja na kufuta nusu.

Tarehe 9 Oktoba

Nimemaliza. Nilitaka kumsomea Nyanya, nikamkuta jikoni na Glodie, wanacheka.

Glodie yuko kwetu tangu Machi. Mama yake alikuwa akituletea maharage kutoka Djugu, miaka mingi, mpaka kule kukawa hakukaliki kwa vita. Sasa amelazwa Nyankunde kwa ajili ya mguu, na Mama alisema mtoto wake hawezi kulala kwenye hema la kambi ya wakimbizi wakati sisi tuna paa. Tunasoma darasa moja na kulala godoro moja. Mimi nalala upande wa ukuta. Yeye upande wa nje, pale paa linapovuja.

Sina ubaya wa kumwandika, na hilo ndilo linaloniudhi. Ninapoamka, maji yamekwisha kuchotwa. Chai ya Nyanya imekwisha kumiminwa. Majirani wote wa huku mtaani kwetu, Shari, wanamwita kwa jina, mimi wananiita "yule mwingine wa kwa Papa Michel". Na Nyanya Alphonsine, ambaye hajacheka tangu ng'ombe wetu waishe, anacheka naye. Leo alikuwa akimweleza jinsi alivyoolewa, jinsi alivyoanguka mtoni na sanduku la bibi harusi. Nina miaka kumi na sita katika nyumba hii na sijawahi kusikia habari za sanduku.

Niliingia, na Nyanya akasema, "Claire, unatafuta kitu?"

Nikasema natafuta chumvi.

Tarehe 14 Oktoba

Nimemsomea mdogo wangu Fiacre. "Tazameni, enyi watazamaji, mnyama huyu mwenye kwato nne, aliyedharauliwa na wote." Fiacre akasikiliza mpaka mwisho, ni mtoto mwenye heshima. Halafu akauliza, "Dada Claire, ngombe itaanguka saa ngapi?"

Tarehe 20 Oktoba

Niandike yote, nisipoandika sitalala.

Leo yalikuwa mazoezi ya kwanza kwenye salle, ukumbi wa parokia. Walitundika blanketi madirishani ili ukuta uonekane. Watoto wa katekesi walikaa chini, labda arobaini. Padri akanipa mikro. Ng'ombe akatokea ukutani, mkubwa kuliko nilivyomzoea, nami nikafungua karatasi.

Nilisoma. Najua nilisoma, kwa sababu midomo ilikuwa inatembea. Kutoka katikati ya watoto mtoto mmoja akauliza, si kwa ubaya, "Mikro iko mufu?" Delphin, anayeshughulikia groupe, jenereta ya parokia, akaja, akaichukua mkononi mwangu, akaipiga kidole. Tu, tu, tu, salle nzima ikasikia. Akanirudishia. "Iko nzima," akasema.

Nikaendelea mpaka karatasi ikawa inapiga kelele kuliko mimi. Padri akasema, "Pumuzika kwanza, mutoto wangu. Glodie, mushikie mikro."

Kushika tu. Hilo ndilo aliloambiwa. Glodie akaishika, akatazama ukuta, na filamu ilikuwa haijasimamishwa. Ng'ombe alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi. Glodie akasema, kama anayezungumza na mtu wa njiani:

"Weye ngombe, unaenda wapi?"

Halafu akajibu kwa sauti nzito ya puani: "Niko naenda juu."

"Juu kuko nini?"

"Sijue. Ndio maana niko naenda."

Watoto walianguka kwa kucheka. Aliendelea hivyo hadi mwisho. Kipepeo alipotua akamsemesha kama mama anayeomba nafasi kwenye benchi: "Sogea kidogo, mama, siye wote tumechoka." Hakuwa na karatasi. Alikuwa anaona na kusema, anaona na kusema. Hata Padri alifuta macho.

Kisha Padri akatangaza kwamba Glodie atashika mikro siku ya sikukuu, na Claire atabaki mwandishi. Mwandishi wa nini? Hakuna neno langu hata moja lililosemwa.

Njiani kurudi, matope hadi kwenye vifundo, Glodie alinishikia mwavuli.

"Unanikasirikia?"

"Hapana."

"Maneno yako iko muzuri, Claire. Inakosa tu kupumua. Unasoma sawa mutu wa radio anaumwa meno."

Alitegemea nicheke. Nilisema mwavuli unamwagia bega langu, na haukuwa unamwagia.

Tarehe 25 Oktoba

Mtihani wa hesabu. Glodie amenakili majibu yangu mawili na bado mwalimu amemsifu yeye kwa mwandiko.

Tarehe 2 Novemba

Mama Madeleine, jirani, alimkuta Mama kwenye bomba na kumuuliza, "Ule mutoto wa kule Djugu mutamulisha mpaka lini?" Mama alijaza ndoo yake tu. Lakini jioni nilimsikia Papa akisema taratibu kwamba shangazi wa Glodie aliyeko kambini angeweza kumchukua, kama ingelazimu. "Hailazimu," Mama akasema.

Sikujua kama Glodie alisikia. Alikuwa anaosha sahani, anaimba.

Tarehe 8 Novemba

Radi ilipiga karibu na shule. Wakati tukingoja mvua ikatike nilikuwa nawaza juu ya Bihogo, sijui kwa nini.

Bihogo alikuwa ng'ombe wa Nyanya, mwekundu wa kuiva, pembe moja imeinama. Ng'ombe wetu wote waliuawa au kuchukuliwa siku moja, na watu wenye silaha ambao hatukuwahi kuwajua. Nilikuwa na miaka tisa. Katika ukoo wetu, ng'ombe akifa kwa nguvu namna hiyo, jina lake halitajwi mbele ya watu mpaka ndama azaliwe nyumbani na kulichukua. Na kwetu hakuna ndama atakayezaliwa, tunakaa kwenye kiwanja chenye migomba mitatu. Mjomba Antoine alilitaja harusini, alikuwa amelewa kidogo. Nyanya akasimama, akachukua mkoba wake, akatoka. Mwaka mzima hakupokea salamu yake.

Tarehe 16 Novemba

Glodie alikuwa anasuka nywele za Fiacre kwa mchezo, akaniuliza, "Claire, ile ngombe haina jina. Batoto banauliza kila mara. Tumuite nani? Weye ndiye mwandishi."

Huenda alisema "mwandishi" kwa heshima. Mimi nilisikia kitu kingine.

Nikamwambia, "Mwite Bihogo."

"Bihogo." Akalirudia. "Bihogo. Inaingia muzuri mu kinywa. Inamaanisha nini?"

"Rangi ya ng'ombe."

"Ya kwenye ukuta haina rangi."

"Ni jina tu."

Akasema atalificha mpaka siku yenyewe, watoto washangae.

Ninajua nilichofanya. Nyanya hajawahi kwenda salle, lakini Mama amekwisha kusema safari hii watamchukua. Atakaa mbele na wazee. Atalisikia jina hilo kwenye mikro, kinywani mwa mtoto wa kule. Nyanya akisema neno moja tu, Papa atampeleka Glodie kwa shangazi yake. Niliandika mstari huu, nikatazama dirishani, nikarudi. Bado sijaufuta.

Tarehe 20 Novemba

Naweza kumwambia kesho.

Tarehe 21 Novemba

Sikumwambia.

Tarehe 24 Novemba

Mazoezi. Amebuni sauti ya tembo mwenye beseni, tembo anayelalamika kwamba maji yake yatachafuka. Watoto wanaiga barabarani. Nilijaribu sauti hiyo peke yangu chooni na Fiacre akabisha mlango kuuliza kama naumwa.

Tarehe 1 Desemba

Nilirudi kutoka maktaba, mlango wa jikoni umefungwa. Ndani Glodie na Nyanya wanazungumza chini chini. Nilipofungua, Nyanya alikuwa na macho mekundu. Moshi, akasema. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Hata siri wanazo sasa. Nikajiambia basi, sitamwonya. Mtu mwenye siri na nyanya yangu hahitaji msaada wangu.

Tarehe 7 Desemba

Mvua ya mawe. Mahindi ya Mama yamelala.

Tarehe 12 Desemba

Kesho. Nyanya amenyoosha kitenge chake mwenyewe. Nilisema, "Nyanya, kutakuwa na kelele nyingi, utachoka." Akanitazama, akasema, "Weye unataka nibaki?"

Nikasema hapana.

Tarehe 13 Desemba

Salle ilijaa mpaka mlangoni. Watoto wa mtaa, watoto wa kambi, akina mama na vitoto mgongoni. Wazee mbele, kwenye viti vya plastiki. Nyanya alikuwa wa tatu kutoka kulia, mkoba magotini. Mimi nilikuwa nyuma ya ordinateur, kompyuta ya Padri, kwa sababu naijua filamu na ningeweza kuianzisha. Hiyo ndiyo kazi niliyobakiziwa, kubonyeza.

Nilibonyeza, nikafunika kioo chake kwa kitenge ili mwanga usiharibu picha ya ukutani.

Mvua ilianza juu ya mabati saa hiyo hiyo, na Glodie akalazimika kupaza sauti. Mkokoteni ukapita. Watoto walipaza naye maneno waliyoyajua tayari. Kisha ng'ombe akasimama chini ya ngazi na Glodie akainua mkono.

"Munaniuliza kila siku jina yake. Leo atawaambia yeye mwenyewe." Na kwa ile sauti nzito: "Miye Bihogo."

Sikutazama ukuta. Nilimtazama Nyanya. Hakusimama. Mikono yake ilibana mkoba, na shingo yake ilikuwa wima kabisa, lakini hakusimama. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Papa, karibu na mlango, aligeuka kumtazama Glodie, na uso wake ulikuwa ule niliokuwa nimeungoja mwezi mzima. Nilidhani utanifurahisha. Nikageuza macho ukutani.

Ng'ombe akapanda. Akakanyaga kamba. Akafika katikati, ikabaki kipepeo tu, na groupe ikazimika.

Pamoja na blanketi madirishani ikawa giza kabisa. Mvua juu. Watoto wa mtaa walipiga mayowe, wengine kwa kufurahi. Wale wa kambi hawakupiga. Nilisikia tu nguo zao zikisuguana na sakafu, wanaingia chini ya mabenchi, haraka, bila kuambiwa na mtu. Wakubwa wao waliwasogezea nafasi kwa miguu. Kitoto kimoja kilianza kulia kwa pumzi fupi fupi.

Mikro ilikuwa imekufa, na Glodie naye kimya. Yeye husema anachokiona, na hakukuwa na cha kuona. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, ninaijua filamu nzima kwa moyo, na ulimi wangu ulikuwa kama kipande cha mti.

Ndipo Nyanya akaita.

Sikuwa nimesikia sauti hiyo tangu utotoni. Inaanza chini, inapanda, halafu inakaa pale juu. "Bihogooo. Ija. Ija, Bihogo." Ija ni neno la kwetu la kusema njoo. Ndivyo alivyokuwa akimwita jioni, akisimama kwenye mlango wa boma.

Akaita tena.

Na gizani Glodie akasema, bila mikro, sauti yake yenyewe: "Anasikia. Bihogo anasikia. Ameweka muguu moja. Muitieni."

"Ija," wakasema watoto wachache.

"Kamba inalia. Ameweka ya pili. Muite, siye wote."

"Ija, Bihogo." Sasa walikuwa wengi, na niliwasikia wa chini ya mabenchi. Akina mama waliita. Fiacre alikuwa anaita kuliko wote. Glodie aliwavusha hatua kwa hatua, Nyanya akiita juu yake, mpaka akasema, "Amefika. Ameshuka. Iko salama," na salle yote ikapiga makofi gizani.

Delphin akaamsha groupe. Lakini ordinateur ina betri yake. Filamu haikungoja, iliendelea mle ndani. Taa ya projekta iliporudi ukutani, ng'ombe alikuwa ndani ya beseni la tembo, maji yanamtiririka masikioni.

Makofi yakafa. Mtoto mmoja akasema kwa uchungu, "Glodie, ulisema amefika."

Nikamtazama. Nilifikiri, sasa, hili hawezi.

Glodie akapuliza mikro kuona kama imerudi. "Amefika, ndiyo," akasema. "Alifika, akasikia joto, akarudia kuoga."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, kisha nikakasirika kwa kuwa nilicheka. Ningepewa wiki nzima na kamusi mbili, nisingelipata jibu hilo.

Nyanya alitoka akiwa ameshika bega la Glodie. Papa alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na maji.

Tarehe 14 Desemba

Tulipeleka blanketi za salle kufua mtoni, mimi na Glodie. Jua kali, la kwanza baada ya siku nyingi. Tulikamua blanketi ya tatu, yeye upande ule, mimi upande huu, nikasema, "Nyanya hakukasirika kwa ajili ya jina."

"Nilimuomba ruhusa."

Blanketi ikanitoka mkononi. Akaiokota yeye.

"Lini?"

"Siku ile ulitukuta mu jikoni. Nilitaka anifundishe namna banaita ngombe, ili niweke mu filamu. Nikataja jina. Akalia. Akaniambia yote, na ya mujomba wenu." Alizungusha blanketi, maji yakatiririka. "Halafu akasema hapa hakutazaliwa ngombe tena, basi jina nimupe ule wa ukutani."

"Hakuuliza nani alikuambia?"

"Aliuliza. Nilisema nilimusikia akiitaja mu usingizi."

Nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Nilidhani atasema kitu kizuri, na nilikuwa nimejiandaa kukichukia.

"Nilitaka kukutaja," akasema. "Nilikuwa na hasira, Claire, siku mbili nilitaka kukupiga. Lakini miye siwezi kuwa na adui mu nyumba ninalala. Unafikiri ninapenda kuamuka mbele ya kuku? Unafikiri kila mara niko na kicheko? Ile ngombe yenu ikianguka, iko na beseni chini."

Alisema hivyo bila kuinua sauti, akaendelea kukamua. Tulifua zote. Aliniambia tu nishike pembe vizuri.

Tarehe 15 Desemba

Nimemwambia Nyanya kwamba ni mimi niliyempa Glodie jina, na kwa nini. Alikuwa anamenya ndizi. Alimenya moja, akamenya ya pili. Halafu akasema, "Mimi huwa siongei usingizini, Claire. Nimelala na babu yako miaka arobaini, angeniambia."

Akanipa kisu, nimenye zilizobaki. Zilikuwa nyingi. Baadaye akasema nikimaliza nimwite Glodie, anataka kutueleza sote wawili habari za sanduku.

Tarehe 17 Desemba

Padri anataka filamu irudiwe Januari, kwa watoto ambao hawakupata nafasi. Glodie amemwambia tembo apewe mtu mwingine, sauti mbili zinamchosha. Wote wawili wakanitazama. Nimesema tembo ana maneno machache, nitajaribu.

Jioni nilitandika godoro na kulala upande wa nje kabla Glodie hajaingia. Alisimama na taa mkononi.

"Ile ni pahali pangu."

"Lala ukutani."

"Utalowa."

"Najua kunavuja."

"Haujue." Akainama, akavuta kikombe cha plastiki kutoka chini ya kitanda cha Fiacre, akakiweka karibu na sikio langu, akakisogeza kidogo kushoto, akakisogeza tena, kama mtu anayejua hasa tone linapotua. Halafu akanipita na kulala upande wa ukuta, akasinzia mara moja, mdomo wazi. Sijawahi kumwona akisinzia kabla yangu.

Mvua imeanza. Kikombe kinapiga, tu, tu, tu. Upande huu una baridi kuliko nilivyodhani. Na bado ninamwonea wivu kwa lile jibu la kuoga.